Mguu wa Mose na Jua la Ijumaa

Kila Ijumaa Nyamoita humaliza kazi mapema. Ugali wa wimbi huwa tayari, mboga ya chinsaga imepikwa na watoto wameoga, kwa maana jua likizama tu, Sabato imeingia. Mumewe, Mose, naye hutoka ziwani mbio ili aiwahi. Kazi yake ni kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, akikagua vizimba vya samaki. Mtu wa milima ya Ikonge akafanye kazi chini ya maji! Majirani hawaishi kumtania.

Ijumaa hiyo aliingia akichechemea. Bega lilimchoma, na mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. Mama yake akasema ni baridi ya maji, akaagiza akandwe kwa maji moto. Nyamoita aliogopa sana. Baridi gani hii inayokula mguu wa mtu?

Alichukua simu. Mose akamzuia, akisema Sabato imeshaingia, mambo ya kazi yasubiri.

"Baba Linda, hii si kazi. Huu ni mguu wako."

Akampigia Okeyo, kiongozi wa wazamiaji. Okeyo aliuliza Mose alizama wapi siku hiyo. Mose mwenyewe akaeleza: asubuhi alikagua nyavu za vizimba, kina kifupi. Mchana alifuata nanga zinazoshikilia vizimba, chini kabisa. Kisha akaibuka upesi, akarukia gari la kwanza la kupanda Ikonge.

"Shemeji, alale chali. Msimkande, wala asirudi majini. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Mwambieni daktari alikuwa anazama, apewe oksijeni. Mimi naulizia chumba cha shinikizo, kile cha hewa iliyobanwa wanachotibiwa wazamiaji."

Njia nzima Nyamoita alimfinya vidole vya mguu, akiuliza kama anasikia. Mose alitikisa kichwa.

Oksijeni ilimsaidia. Kisha alipelekwa kwenye chumba cha shinikizo, na huko mguu ukaamka. Okeyo alipokuja kumwona, Mose alimuuliza kama kosa lilikuwa kuanza na kina kifupi.

"Mpangilio peke yake si kosa," Okeyo alisema. "Ukiwa chini, gesi ya hewa unayovuta inaingia mwilini. Ukipanda polepole, inatoka. Ukiharakisha, inafanya mapovu, kama soda ikifunguliwa ghafla. Ulipofuata nanga, bado ulikuwa na gesi ya asubuhi. Ungepumzika kwanza, halafu ukae chini muda mfupi. Wewe ulikaa kama mtu ambaye hajazama siku hiyo. Ndiyo maana sisi hutanguliza kina kirefu. Tena ukapanda mlima, na huko juu hewa ni nyepesi, mapovu yanakua. Ukizama, lala huku chini kando ya ziwa mpaka kesho yake, hata ukijisikia mzima."

"Na Sabato?"

"Sabato haiko Ikonge peke yake," Nyamoita alijibu.

Daktari alipomruhusu, Mose alirudi kazini. Sasa hutanguliza nanga, hupumzika, ndipo afuate nyavu, na huibuka bila haraka. Ijumaa, Nyamoita na watoto ndio wanaosafiri. Hushuka ziwani na sufuria yao ya chinsaga, na kabla jua halijazama Mose huja kuwapokea, akitembea kwa miguu yake yote miwili.