Ukwaju Si Mkwaju: Jinsi Mchumba Wangu Alivyonichongea kwa Bosi

"Ni yeye. Nilimkataza kwa mdomo wangu, hakusikia."

Aliyesema maneno hayo ni mchumba wangu!

Si adui, si jirani mbea. Ni mwanaume ambaye wazee wake walishakaa na wazee wangu, wakala, wakanywa, tarehe ya harusi ikapangwa. Alisimama mbele ya bosi na ofisi nzima, akanitazama usoni, akanichoma mchana kweupe.

Hasira ikanipanda... na jamani, mpaka leo ninapoandika hapa haijashuka yote. Mkiniona nafoka, nivumilieni.

Ngoja niwape mkasa tangu mwanzo.

Sisi kazi yetu ni kutengeneza tovuti. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, feni moja inazunguka, nyingine inatuangalia tu. Tuko wachache. Kuna bosi, kuna mafundi wawili watatu, kuna mimi, kuna mchumba wangu, na kuna mdogo wake wa kike, wifi yangu mtarajiwa, ambaye kwao wanamwita Kadogo. Huyo Kadogo mimi ndiye niliyemwombea nafasi pale ajifunze kazi.

Kiongozi wetu wa mafundi alikuwa ameondoka. Bosi alikuwa anatafuta wa kushika kiti chake, na nilivyojua mimi, ni kati yangu na mchumba wangu.

Nilikitaka kile kiti. Siwafichi, nilikitaka kwa roho yangu yote. Nilikuwa nimeifanya ile kazi kwa muda mrefu, tena nyingine nikimfanyia kiongozi mwenyewe akiwa hayupo.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye mambo.

Kila tovuti ina faili za mitindo. Hizo ndizo zinazoamua kitufe kiwe kikubwa kiasi gani, kiwe na rangi gani, kikae wapi. Sisi tunaziandika kwa mkato, halafu kuna programu inayoitwa kompaila inazitafsiri mpaka simu yako izielewe. Kompaila yetu ilikuwa kuukuu, walioitengeneza walishatangaza kuwa hawaihudumii tena. Ilikuwa lazima tuiapdeti, yaani tuweke toleo jipya.

Tatizo lilikuwa mkwaju.

Mkwaju ni ile alama ya kimstari kilichoinama, ambacho wengi wenu mnakiita slashi. Kompaila ya zamani ukiiandikia mia mbili, mkwaju, mbili, inagawanya yenyewe na kukupa mia. Mpya haigawanyi. Inauacha mkwaju palepale, simu ikiukuta haielewi, inauruka mstari wote. Kitufe kinakosa urefu, kinapotea machoni, na hakuna kengele yoyote inayolia.

Ndiyo maana ile ya zamani ilikuwa inatutolea maonyo kila siku. Hapa parekebishwe, na hapa, na pale. Yalikuwa mamia! Kuapdeti salama maana yake ni kupita faili moja moja, kurekebisha kila mkwaju kwa mkono, ndipo upandishe toleo jipya.

Nilimwambia bosi. Nikamwambia tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, bosi, nikamwambia hivyo. Yeye jibu lake ni moja tu, kwamba nisubiri kidogo. Nikadhani ana mambo mengi kichwani.

Hilo neno mkwaju nililirithi kwa mama yangu, alikuwa mpiga chapa wa ofisini, na mama hakuwa na mchezo na majina ya alama. Pale kazini walinicheka mpaka wakanipa jina, Mama Mikwaju. Sikujali. Bora Mama Mikwaju anayejua anachokifanya.

Siku ile mchumba wangu alinisogelea kwa sauti ya asali. Akaniambia niende kwa fundi cherehani nikapimwe gauni, maana fundi analalamika. Nikamwambia nina kazi. Akasema niende tu, atanishikia.

Nikaenda, kompyuta nikaiacha wazi mezani. Nimuogope nani? Huyu mchumba, yule wifi!

Asubuhi yake nikakuta ofisi inawaka moto.

Mteja wetu mkubwa ni kliniki ya wajawazito. Kinamama wanapanga siku zao za kuhudhuria kwa kubonyeza kitufe kimoja kwenye tovuti. Kitufe hakikuwepo. Kimefutika kabisa! Kinamama walijaribu wakashindwa, wakaamua kwenda wenyewe, na huko korido ikajaa matumbo na miguu iliyovimba, viti havitoshi, manesi wanafokewa kwa kosa lisilo lao. Mkuu wa kliniki alimpigia bosi simu, na alichomwambia tulikisikia sisi tuliokaa mbali.

Bosi akatuita chumba cha mbele. Akageuza kompyuta yake tuione. Kompaila imeapdetiwa, na aliyefanya hivyo, kwa jina lililoandikwa pale, ni mimi.

Nikasema si mimi. Ndipo mchumba wangu akatoa yale maneno yake ya kwamba alinikataza.

Bosi akaniambia nikusanye vitu vyangu.

Ndugu zangu, kuna hasira ya kulia na kuna hasira ya kunyamaza. Mimi ilinijia ya kunyamaza. Nikamwomba bosi kitu kimoja tu, anionyeshe maelezo. Maana kwetu kila anayebadilisha kitu lazima aandike sentensi moja kusema amebadilisha nini.

Akafungua. Nikasoma.

"Nimenyamazisha maonyo yote ya ukwaju, nimepandisha toleo jipya."

Nikacheka, cheko baya, mpaka bosi akaniuliza kama niko sawa.

"Ukwaju?" nikasema. "Bosi, ukwaju ni tunda. Unatengenezewa juisi. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuiita ile alama ukwaju."

Kwenye ile ofisi mtu wa kusema ukwaju alikuwa mmoja. Nilimsahihisha mara ngapi sijui, naye anacheka, ananiambia mti na tunda lake ni ndugu, kuna ubaya gani.

Nikamgeukia Kadogo.

Yale niliyomwambia mengine hayaandikiki hapa. Nilimwambia nimemlea nyoka. Nilimwambia sasa nimeelewa kwa nini watu wanaogopa mawifi, na kwamba nilimwingiza pale kwa mdomo wangu na kumtoa nitamtoa kwa mdomo huohuo. Mtoto wa watu akashika meza kwa mikono miwili.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Wifi... si wewe ndiye uliyeniagiza?"

"Nikuagize mimi?"

"Kaka aliniambia. Alisema umekwama kwa fundi, umeomba nikumalizie kwenye kompyuta yako."

Chumba kizima kikageuka kumtazama kaka.

Mchumba wangu akaanza kusema kwamba binti amechanganyikiwa, bado mgeni wa kazi, hajui anachosema. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kadogo alitoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani, akabonyeza. Sauti ikatoka, sauti niliyozoea kulala nayo sikioni.

"Kadogo, wifi yako anasema zima hayo maonyo, upandishe. Kaa palepale kwake. Na maelezo uandike kama anavyoandika yeye, na ule mkwaju wake."

Kadogo akatii kaka yake. Aliandika kama ninavyoandika mimi, ila ulimi ukamteleza kwenda kwenye tunda.

Sikumfokea yule mwanaume. Nilimsogelea tu, nikamuuliza kama alijua kitufe kitapotea. Na alijua! Mimi mwenyewe ndiye niliyemweleza, tena tukiwa tunakula, nikamchorea kwa kidole juu ya meza jinsi kompaila mpya inavyouacha mkwaju.

Kiburi kikampanda, akaniambia mbele ya watu wote:

"Sasa mke akinipangia kazi ofisini, nyumbani nitakuwa nani?"

Hakuna aliyecheka.

Nikamgeukia bosi. Nilijua sasa haki yangu inakuja. Nikamwambia, bosi umesikia, yeye ndiye wa kukusanya vitu.

Bosi akajikuna kichwa. Alionekana mtu aliyechanganyikiwa kweli.

"Mimi sielewi mnagombania nini," akasema. "Kiti si nilishamwahidi yeye? Wewe si unaacha kazi ukiolewa?"

"Nani kasema naacha kazi?"

"Mwenzio. Alinifuata zamani sana, akasema mmekubaliana."

Hapo nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa.

Mmekubaliana! Kumbe ndiyo maana bosi alikuwa ananiambia nisubiri. Aliambiwa asiniachie kazi ndefu ya mikwaju, kwa vile sitaimaliza. Kumbe ndiyo maana muuza rangi wa chini aliniambia watanikumbuka, nikadhani ni utani wa harusi. Ofisi nzima ilijua naondoka isipokuwa mimi mwenye kuondoka.

Na nikaelewa kwa nini ilibidi anivunjie kazi wakati kiti alishaahidiwa. Uongo wake ulikuwa na tarehe. Harusi inakaribia, mimi hata dalili ya kuacha sina, kesho keshokutwa bosi angeniuliza. Kwa hiyo ilibidi nifukuzwe, ili alichosema kiwe kweli.

Na mbaya zaidi, angenifariji! Ningeenda kulia kifuani kwake, angenipapasa mgongo akaniambia nipumzike nyumbani, Mungu ana makusudi yake. 

Nikamwambia bosi, kwa adabu lakini bila kupunguza kitu, kwamba yeye pia ana lake. "Unaniona kila siku. Nakuletea kazi mezani kwako. Ulishindwa nini kuniuliza mimi?"

Bosi akainamisha macho. Alikohoa, kisha akaniuliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa zamani.

"Kwa hiyo huachi?"

"Siachi. Na kiti nakitaka."

Sikusubiri jibu lake, kinamama walikuwa wamesimama kule koridoni. Nilikaa kwenye kompyuta, nikarudisha toleo la zamani na maonyo yake yote, nikapandisha. Kitufe kikarudi. Nilimpigia nesi mkuu mimi mwenyewe, nikamwomba radhi kwa niaba ya ofisi, akasema ameshakiona.

Mchumba alinisubiri kwenye ngazi. Akaanza, mpenzi haya mambo tuyamalize wenyewe, wazee wasijue, watu watatucheka. Nikamwambia wazee watajua leo, na atakayewaambia ni yeye.

"Nenda kawaambie hakuna harusi. Ukiulizwa sababu, sema yako. Ya kwangu nitasema mwenyewe."

Akaniita mara mbili nikiwa napanda ngazi. Sikugeuka.

Naye kazini hakurudi. Bosi alimwambia abaki kwao. Kiti nilipewa, na sikupewa kwa huruma, maana mkuu wa kliniki alisema hataki mtu mwingine aguse tovuti yake.

Nilimwomba Kadogo msamaha mbele ya walewale waliosikia nikimtukana. Tukakaa naye, faili moja moja, mkwaju mmoja mmoja, mpaka maonyo yakaisha yote, tukaapdeti, na kitufe hakikutikisika. Kwao walimnunia kwa kumwanika kaka yake. Anasema wakimaliza kununa watamwambia.

Sasa najua wapo watakaokuja kwenye komenti kuniambia nimsamehe, alikuwa na wivu tu, mwanaume anayependa ndivyo alivyo. Andikeni. Nitasoma, lakini msitegemee nijibu. Mtu anayekupenda hajazi korido wajawazito ili wewe ukose kazi.

Dada zangu, hata kaka zangu, chukueni hili moja. Anayekuchukia atakusema vibaya, utasikia, utajitetea. Wa kumwangalia ni yule anayekusemea vizuri, kwa upole, mahali ambapo wewe hupo, akakuamulia maisha na watu wakamwamini kwa sababu ni wako.

Na nyinyi mabosi, wazazi, mashemeji, yeyote mwenye kuletewa habari za mtu... ukiambiwa "tumekubaliana", mtafute yule wa pili umuulize.