Breki ya Mwalimu

Jumamosi ile duka la miwani lilijaa watu hadi mlangoni, utadhani macho ya mji mzima yameamua kuharibika siku moja. Katikati ya msongamano akapenya mwanamke mmoja, suruali nyeusi, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani. Mkononi alishika miwani iliyovunjika mguu.

"Nani kaifanya hivi?" fundi miwani akauliza. Alikuwa mrefu, mwenye koti jeupe na ndevu alizozitunza kama bustani.

"Mwanafunzi wangu. Nilimwambia apunguze mwendo, akakanyaga breki kama anaua nyoka. Miwani ikaruka, nikaikalia."

"Kumbe mwalimu wa udereva! Mimi nikikaa kiti cha mbele tu, moyo unakwenda mbio."

"Na sasa hivi unakwendaje?"

"Unakwenda mbio, na gari silioni."

Mwanamke akacheka mpaka mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akakohoa. "Jamani, na sisi tuna macho."

Wiki iliyofuata fundi alijiandikisha kujifunza udereva. Gari la mwalimu lilikuwa na usukani mmoja kama magari mengine, lakini breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine chini ya mguu wa mwalimu. Kwa miaka mingi mguu ule ulizoea kuokoa watu, hata ukasahau kupumzika. Kwenye teksi ulikanyaga sakafu. Kwenye kochi, filamu ikifika mahali pa kufukuzana kwa magari, ulikanyaga zulia.

"Mguu huu nitauoa peke yake," fundi alimtania.

"Hauolewi bila mwenyewe, laazizi."

Basi mambo yakaenda kama yaendavyo watu wakipendana. Wazazi wakajuana, tarehe ya harusi ikapangwa, likabaki suala la nyumba na namna ya kuiendesha. Mwalimu ndiye aliyetoa wazo kwamba fedha za nyumbani zisimamiwe na programu ya simu, moja kwa wote wawili.

Wakakaa sebuleni kwa mwalimu, simu mbili mezani, wakajaribu. Ya kwanza ilikuwa na mdomo mchafu. Walipoingiza chakula cha mchana ikawaambia, "Mmekula kupita kiasi!" Wakaifuta palepale. Ya pili ilikuwa na chungu cha fedha za pamoja na kibweta cha fedha binafsi cha kila mmoja, lakini nembo yake ilikuwa kuku aliyevaa tai.

"Siwezi kumkabidhi kuku nyumba yangu," mwalimu akasema. Ya tatu haikuwa na siri: mmoja akilipa chochote, simu ya mwenzake inalia. "Hii! Kila mtu anamwona mwenzake. Unasemaje, kipenzi?"

Fundi akailaza simu yake kifudifudi mezani. "Sawa, kama wewe umeipenda."

Hapo ndipo alipopaswa kusema, na hakusema. Mapenzi mengi huharibikia kwenye neno hilo "sawa".

Mwalimu aliifurahia ile programu kama mchezo. Fundi akienda kunyolewa, ujumbe unamfika: "Kinyozi tena? Ndevu zako zina ada kama shule!" Akinunua soksi: "Miguu yako mingapi, mpenzi?" Kila alipotuma alicheka peke yake. Hakujua kwamba upande wa pili hakuna aliyekuwa akicheka.

Ijumaa jioni simu ya mwalimu ikalia: *Mwenzi wako amejitoa katika kaya.*

Akausoma ujumbe ule amesimama, akaurudia ameketi. Halafu akapiga.

"Umejitoa?"

"Nimetoka kwenye programu tu, mpenzi. Sikujua kama ingekuambia hivyo."

"Kwa nini utoke? Una nini cha kuficha?"

"Sina. Lakini sitaki kuulizwa kila senti."

"Mtu asiye na cha kuficha haogopi kuulizwa."

"Na mtu anayeniamini haniulizi!"

Simu ikakatwa, na ukweli ni kwamba kila mmoja aliamini ni mwenzake aliyekata. Mwalimu akampigia dada yake, naye kwa kuchochea moto hajambo. "Mdogo wangu, baba alianza hivyohivyo. Ahirisha harusi." Mwalimu akalia. Alimpenda yule mwanamume, lakini hakuwa tayari kuishi tena katika nyumba yenye mlango uliofungwa kwa ndani.

Jumatatu kulikuwa na somo la mwisho kabla ya mtihani wa fundi. Mwalimu alifikiria kumwachia mwalimu mwingine somo hilo, akaona kazi ni kazi. Akavaa kitambaa cha kijivu ili ieleweke kwamba hakuna mchezo.

"Mkanda."

"Nimefunga. Mpenzi, naomba..."

"Vioo. Gia ya kwanza. Twende."

Wakaenda hadi kwenye mzunguko mkubwa wa barabara.

"Naomba kusema kitu," fundi akasema.

"Kwenye mzunguko hatusemi. Toka njia ya tatu."

Lakini maneno yalikwishamjaa kinywani. Njia ya tatu ikampita, akauzunguka mzunguko upya huku anasema.

"Mama yangu akirudi sokoni alisimama mbele ya baba, anataja kimoja kimoja. Nyanya. Sabuni. Akikosea, kelele mpaka majirani wanasikia. Siku moja akaninunulia peremende. Akaniambia nile njiani, niimalize, na kabla hatujaingia ndani nifute mdomo."

"Indiketa," mwalimu akasema, lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

"Wiki nzima simu yangu ikilia nilikuwa nafuta mdomo, mpenzi. Mtu mzima na ndevu zangu."

Njia ya tatu ikapita mara ya pili. Nyuma yao watu walipiga honi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

"Ningecheka kwanza, kisha ningenyamaza. Toka hapa, simama pembeni."

Akasimamisha gari kando ya ukuta wa shule, taratibu, bila kutikisika. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa.

"Baba yangu hakuulizwa kitu," akasema. "Alipofariki, walikuja wageni na ufunguo wa nyumba yetu. Alikuwa ameiuza. Sebule tuliyoipaka rangi kwa mikono yetu ilikuwa ya watu, na mama hakujua. Sasa mimi nikaletewa ujumbe: mwenzi wako amejitoa."

"Nisamehe, mahabuba."

"Na wewe unisamehe. Nilidhani nakutania, kumbe nakusomesha hesabu kama mama yako alivyosomeshwa."

Kisha fundi akatazama chini, kwenye miguu ya mwalimu.

"Unajua, breki yako sijawahi kuichukia. Ndiyo iliyonipa ujasiri wa kushika usukani. Kwa kodi, ada za watoto wetu, nyumba, nataka uwe nayo. Siku nikienda kombo, kanyaga."

"Na soksi?"

"Soksi niachie."

Mwalimu akacheka, machozi bado yako shavuni. Akatoa simu, akatafuta, akamwonyesha. Kuku aliyevaa tai akawatazama.

"Chungu cha pamoja tutakiona wote wawili, na hakitoki kitu bila wote kujua," akasema. "Kibweta chako ni chako. Siulizi."

"Hata nikinunua peremende?"

"Nunua. Ila usifute mdomo."

Fundi akataka kumkumbatia, mkanda ukamrudisha kitini. Akawasha gari. Wakaingia barabarani, watu wengi, jua limewaka. Mbele yao lori likachomoza bila taarifa. Fundi akakanyaga breki mapema na kwa upole, lori likapita. Miwani ya mwalimu haikusogea puani.

Fundi akasubiri kusikia breki ya pili. Hakuisikia.

"Mwalimu, mguu wako uko wapi?"

"Umepumzika," akajibu. "Tazama mbele, mume wangu."