Kipimo cha Saa Nne na Dakika Hamsini na Mbili

Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Kayalvizhi alikuta jina la Yazhini limekatwa kwa wino mwekundu kwenye orodha ya upasuaji. Sababu: mtoto anasikia.

Kayalvizhi, mwalimu wa matamshi katika hospitali moja ya Madurai, nusura acheke. Miezi minane amemgongea mtoto huyo sufuria nyuma ya kisogo na hajapepesa hata ukope. Lakini kesho Yazhini anatimiza miaka sita, na asiyeingia kwenye orodha ya kuwekewa kifaa cha kusikia kabla ya hapo hawekewi tena. Orodha ilikuwa inafungwa saa nne.

Akafuata faili chumba cha vipimo. Ilango, fundi wa mashine, alimpa huku akitabasamu, mistari mitatu ya majivu ya hekaluni ikiwa kwenye paji la uso kama kawaida. Jana mchana hakuwa nayo. Walipokunywa kahawa Kayalvizhi alimtania kwamba anaonekana uchi.

Kipimo kilikuwa cha jana, Ijumaa, saa nne na dakika hamsini na mbili. Mashine huchapa saa yenyewe. Tena haimuulizi mtu kitu: kibandiko kwenye paji la uso, viwili nyuma ya masikio, milio inapigwa, ubongo unajibu hata mwenyewe akikoroma. Mawimbi yalikuwa yamesimama kama meno ya msumeno. Kuna mtu alisikia. Nani?

Ponni, mama wa Yazhini, alikuwa kwenye benchi la nje, mtoto amelala begani.

"Dada Ponni, jana mliingia saa ngapi?"

"Saa sita na dakika tano."

"Miadi yenu si saa tano kasorobo?"

"Ijumaa, mwalimu? Saa nne na nusu mpaka saa sita ni saa za Rahu. Nimlaze mwanangu kwenye mashine saa ya mkosi? Tulikaa bustanini, tukala wali wetu wa mtindi."

Ufunguo wa chumba cha vipimo walikuwa wakiushika watu wawili. Sista Stella, anayewapa watoto dawa ya usingizi, alikunja mikono.

"Saa hiyo nilikuwa wodini nachoma sindano. Mashahidi kumi na wawili, na makalio yao yanauma mpaka leo. Ufunguo alikuwa nao Ilango."

Wakarudi pamoja chumba cha vipimo.

"Mwalimu, umekuja kunipima?" Ilango akatania.

"Ulishajipima, kaka. Kibandiko hakishiki juu ya majivu, lazima usugue."

"Nilinawa uso."

"Basi keti. Tulinganishe mawimbi yako na haya."

Ilango alivitazama vibandiko. Hakuketi.

"Binti wa dada yangu ndiye anayefuata kwenye orodha," akasema. "Anatimiza sita Jumatano. Chumba kilikuwa kitupu, nikadhani hawaji. Walipokuja saa sita nikampima, nikafuta matokeo."

"Ukampa masikio yako ili akose yake."

Stella akampokonya ufunguo.

Saa tatu na dakika kumi na mbili. Kayalvizhi alitoka, akamweleza Ponni yote, na kwamba mtoto lazima apimwe tena sasa hivi. Lakini Jumamosi, saa za Rahu ni saa tatu mpaka saa nne na nusu. Ponni alitazama saa ya ukutani, akamtazama mtoto.

"Rahu atangoja nje," akasema, akaingia.

Stella aliipandisha milio hadi mwisho. Mstari ukabaki bapa kama sakafu.

"Hasikii?" Ponni akanong'ona.

"Hasikii kabisa."

Ponni akaibusu karatasi ikiwa bado na joto la mashine. Ilikuwa imechapwa saa tatu na dakika hamsini na nne. Kayalvizhi akaichukua, akavua kandambili, akaikimbilia orodha.