Mlango Ambao Kompyuta Haikuuona

Habari hii aliitoa kwanza Joanitha, mke wa Lameck, jikoni kwa mama yake, huko Kihanga, mwezi wa saba mwaka 2024, kahawa ikiwa imeanikwa uani. Aliisimulia mara moja, polepole, na alipomaliza aliomba asiulizwe kitu.

Ilianza na mstari wa penseli. Bi Kauthar, mwenye duka la vitambaa Nyaishozi, alimpigia Lameck simu: kando ya mlango wa ubavuni wa nyumba yake mpya kulikuwa na mstari ambao ameufuta mara tatu, na kila mara umerudi.

"Ni watoto wa madrasa hao, mama," Lameck alisema.

"Watoto gani wanaofikia linta, juu ya mlango, mwanangu?"

Lameck ndiye aliyeichora nyumba ile: duka chini, makazi katikati, madrasa juu. Kwa kuwa ardhi ya Kagera iliwahi kutikisika vibaya, aliweka ubavuni ukuta mnene wa zege wa kuizuia nyumba isiyumbe, na programu ya kompyuta ikaupitisha kwa rangi ya kijani. Baadaye Bi Kauthar aliomba mlango, ili wanawake na watoto wapande bila kupita katikati ya wateja. Lameck akautoboa ndani ya ukuta uleule. Kijani hakikubadilika. Fundi mkuu, mzee Nsanzimana wa Kamuli, alisimama pale na futi yake ya chuma, ile ya kupimia inayovutwa na kujirudisha, wakiwa wawili tu, akauliza:

"Injinia, mlango huu, kompyuta imeuona?"

"Inaona kuliko wewe, mzee," Lameck alimjibu, akacheka.

Mwaka wa pili tangu nyumba ihamiwe, lilitoka toleo jipya la programu, pamoja na orodha ya kasoro zilizorekebishwa. Ya tisa ilisema kwamba mlango ulioongezwa baada ya ukuta kukokotolewa haukuwa ukihesabiwa. Ukuta ulichukuliwa kuwa mzima. Lameck akafungua faili la Nyaishozi. Ukuta ukawa mwekundu kutoka msingi hadi paa. Kisha akaliondoa toleo jipya, akarudisha la zamani, akautazama ukuta mpaka ukawa kijani tena. Hakumwambia mtu. Simu ya mstari wa penseli ilikuja wiki hiyohiyo.

Baada ya mstari ikaja sauti. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri, duka likiwa limetulia, ndani ya zege ilisikika futi ya chuma ikivutwa taratibu, ikifika mlangoni, ikisita, kisha ikijirudisha kwa kishindo. Ikafuata harufu ya saruji mbichi, katika nyumba iliyokauka zamani. Watu wakasema fundi alizika kitu kwenye msingi.

"Yule mzee wako alikuwa mtu wa namna gani?" Bi Kauthar alimuuliza Lameck.

"Sikukaa naye sana," Lameck alisema, naye alikuwa amekula chakula cha mchana na mzee yule kwa miezi minane.

Maneno hayo yalitosha kuufanya uvumi uwe kweli. Nsanzimana alinyimwa kazi Nyaishozi na Kihanga pia, akarudi kwao Kamuli.

Akaitwa Maalim Gharib kuja kuisomea nyumba Kurani. Lameck alikwenda, kwa sababu kutokwenda kungeonekana, na akapewa chetezo akishike. Maalim alisoma, ubani ukafuka, na futi ikaanza kuvutwa, taratibu kuliko siku zote, ikapita nyuma ya mgongo wa Bi Kauthar, ikapita kwenye kona, na harufu ya saruji ikaufunika ubani, na mstari wa penseli ukaanza kupanda wenyewe kutoka pembe ya mlango kuelekea juu, huko ambako watoto walikuwa wakiitikia herufi kwa pamoja bila kujua, mpaka sauti ya mtu mzima ikatoka ndani ya zege, ya chini, isiyo na haraka:

"Injinia, mlango huu, kompyuta imeuona?"

"Jina lako nani?" Maalim akanong'ona.

Sauti ikarudia swali lile lile. Maalim akafunga msahafu.

"Huyu hataki ubani. Anauliza. Anayeulizwa ni nani?"

Lameck akakiweka chetezo chini.

"Mimi," Lameck alisema. "Washusheni watoto. Ukuta huu haufai, na nimelijua hilo tangu mwezi uliopita."

"Na mzee wa watu?" Bi Kauthar akauliza. Lameck akaelekea ngazini kuwaita watoto.

Watoto walishushwa. Mlango ulizibwa kwa nondo na zege, ngazi ikahamishiwa nyuma, na sauti ikakoma. Lameck alikwenda Kamuli kuomba radhi. Dusabe, mke wa fundi, alimwongoza kati ya migomba hadi kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujashuka. Kifua, alisema. Kisha akamkabidhi futi ya chuma, akimwita waitu, yaani bwana, kwa heshima ya huko.

"Alisema utakuja, waitu. Alisema nikupe."

Bi Kauthar yupo, na duka lake lipo. Maalim Gharib yupo. Dusabe yupo. Nsanzimana hayupo. Futi imo ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na Lameck anapojilaza baada ya chakula cha mchana, Joanitha huisikia ikivutwa kando ya kitanda, kutoka visigino vya mumewe hadi utosini, ikisita, kisha ikijirudisha. Lameck yu hai.