Kiti cha Aleki

Asitokee mtu akawaambia kwamba hadithi hii niliiokota sokoni. Niliiona kwa macho yangu haya, na sehemu mbaya kuliko zote niliiona nikiwa ndani ya gari lenyewe, kiti cha nyuma, na katoni ya samaki wa kopo mapajani. Shule niliiacha mapema, sikatai, lakini macho hayadai cheti. Hapa Malaeola ukitaka kujua lililotokea baina ya kanisa na kivuko cha mto, unamwuliza Lafaele, na Lafaele ndiye mimi.

Jambo lenyewe lilianza kwa mwanamke wa Kijapani kunyamaza.

Gari la binamu yangu Pesamino lilikuja na meli kutoka Japani, kuukuu tangu siku liliposhushwa, gari la juu lenye matairi mapana, la kupandia milima. Kila ukizungusha ufunguo, mwanamke ndani ya dashibodi alikuwa anasema maneno ya kwao, kwa adabu nyingi. Hakuna aliyejua anasema nini. Matalena, mkewe Pesamino, alizoea kumjibu, "Na wewe pia, mama." Siku Pesamino alipofunga stata nyingine, injini ilishika mara moja, ikanguruma vizuri kuliko siku zote, na yule mwanamke hakusema neno.

"Kanyamaza," akasema Matalena.

"Waya umekatika," akasema Pesamino.

"Hapana, baba. Kanyamaza kama mgeni aliyesikia mwenye nyumba anaingia."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Stata ile ilitoka kwenye gari la Aleki, kaka yake Pesamino wa tumbo moja. Walinunua magari pacha, meli moja, rangi moja ya majivu. La Aleki liligonga mshelisheli pale kwenye kona ya bondeni, jua likizama, na hapo ndipo ubaya wote ulipo, kwa sababu jua likizama kwetu ni sā. Kijana anaupiga mtungi wa gesi mtupu kwa nondo: mara ya kwanza kila mtu nyumbani, mara ya pili kila nyumba inasali, na mpaka mlio wa tatu usikike hakuna kiumbe kinachotembea barabarani. Vijana wa kijiji husimama na fimbo kuhakikisha hivyo. Aleki alikuwa anakimbiza gari awahi mlio wa kwanza. Hakuwahi. Kifua chake kilibana usukani, honi ikalia, ikalia bila kukoma, wimbo mzima, sala nzima. Tulidhani ni mhuni wa mjini anayetukejeli. Tukaimba kwa nguvu zaidi ili tumfunike. Mlio wa tatu ulipopigwa tukamfikia, bado ana joto. Kwetu mtu anayekufa hukaliwa, yaani watu huketi naye mpaka roho itoke. Hata adui yako utamkalia. Aleki hakukaliwa na mtu.

Wakamzika mbele ya nyumba, kama tunavyozika wote, na mabaki ya gari lake wakayavuta wakayaweka kando ya kaburi.

Sasa mtauliza, gari bovu la nini? Ni figo za Matalena. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni lazima avuke mlima kwenda mjini akafungwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa mara moja anavimba uso. Akikosa mara mbili tunaanza kufuma mikeka ya msiba. Na basi la kijiji linarudi kabla mashine haijamaliza kazi.

Sefulu, fundi wetu, alikuwa amechoka na gari lile. Analala chini yake, miguu tu ndiyo inaonekana, huku anatukana.

"Uza hili dude liwe skrepa, Pesamino."

"Halafu mke wangu aende mjini mgongoni kwako?"

"Mgongo wangu una nafuu kuliko giaboksi hii."

"Basi tafuta giaboksi."

Miguu ikatulia. "Iko moja tu kisiwa hiki inayoingia. Na wewe unajua iko wapi. Lakini mwombe kwanza."

"Nimwombe nani?"

"Mwenyewe. Kalala pale, hatua chache tu. Keti naye, mpe neno, mwekee mkeka."

"Aleki ni kaka yangu," akasema Pesamino. "Cha kaka ni changu. Tangu lini ndugu akaombwa?"

Hapo alisema kweli, kwetu ndugu haombwi. Ila alifanya ujinga mmoja. Aliogopa ukoo ukimwona anafungua, wajomba wote watakuja, huyu anataka mlango, yule anataka matairi, na hakuna wa kumkatalia. Kwa hiyo alifungua vitu vya Aleki wakati wa sā, macho ya kijiji kizima yakiwa yamefumbwa. Tulikuwa tunaimba, naye yuko kaburini na spana. Nilimwona. Mimi nikisali hufumba jicho moja.

Ikaja giaboksi. Ikaja rejeta, maana gari lake lilikuwa linachemsha kila mlimani. Ikaja taa, ikaja pampu. Kila siku gari la Pesamino likawa linapungua na la Aleki linaongezeka, hadi Sefulu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lafaele, hivi tunatengeneza gari la nani?" Mwisho kikaja kiti. Kiti cha mbele alichokuwa anakaa Matalena kilikuwa kimetoboka, springi zinamchoma mgonjwa wa watu. Cha Aleki, cha upande uleule wa abiria, kilikuwa kizima, hakijakaliwa tangu siku ile. Pesamino akakifunga.

Kesho yake kengele ya mkanda ikaanza. Mnaijua, ile inayolia ti-ti-ti mtu akikaa bila kufunga mkanda. Tulikuwa tunarudi kutoka mtoni, Pesamino kwenye usukani kafunga, mimi nyuma, kiti cha mbele kitupu. Ti-ti-ti. Pesamino akanyoosha mkono, akafunga mkanda juu ya kiti kitupu. Ikanyamaza.

"Umeona?" akasema. "Ni waya tu."

Lakini mimi niliutazama mkanda. Ulikuwa haujalala kitini. Umesimama mbele ya kiti, umepinda, kama unavyopinda kifuani mwa mtu.

Baada ya hapo ikaja harufu, mlangilangi na mafuta ya nazi, vile tunavyowapaka maiti, inatoka kwenye matundu ya hewa hata feni ikiwa imezimwa. Matalena aliisikia wa kwanza. Akaanza kusema hataki kukaa mbele. Akikaa nyuma, kengele inalia njia nzima, mlima wote wa kupanda na wote wa kushuka, ti-ti-ti, sasa hata ukiufunga mkanda, mpaka Pesamino anapiga usukani kwa ngumi. Akihamia mbele, kimya.

"Kinamtaka mtu," akanong'ona siku moja. "Shemeji Lafaele, kiti hiki kinataka mtu."

"Kaa tu, mama," Pesamino akamwambia. "Nikiing'oa kengele, taa zinazimika. Nikiliacha gari, wewe ndiye unayezimika. Unataka nifanye nini?"

Matalena akafunga mkanda. Alikaa.

Ijumaa ile mashine mjini zilichelewa. Niliwasindikiza kwa sababu nilikuwa na haja zangu, si lazima mzijue. Tunateremka mlima, jua linaingia baharini, na kabla hatujafika kona ya bondeni tukasikia mtungi unapigwa. Mlio wa kwanza. Pesamino alikuwa na akili kuliko kaka yake, hakukimbiza. Alisogeza gari pembeni, chini ya mshelisheli uleule kwa sababu hapakuwa na pengine, akazima, akatoa ufunguo akaushika mkononi, akashuka aangalie rejeta maana mvuke ulikuwa unatoka. "Tutakaa hapa mpaka wa tatu," akasema. Vijana wawili wenye fimbo walikuwa ng'ambo ya barabara. Walitupungia.

Ukalia wa pili. Kijiji kikaanza kuimba.

Na injini ikawaka.

Nilimwona Pesamino mbele ya boneti, ufunguo mkononi, akiutazama ule ufunguo kisha akitutazama sisi, na milango ikajifunga yote kwa mpigo mmoja, tak, na harufu ya mlangilangi ikajaa mpaka ulimi ukawa na ladha yake, na kiti cha mbele, ambacho Matalena alikuwa amekikalia akiwa amekunja mikono yake yenye bandeji, kikaanza kusogea chenyewe, polepole, kumpa nafasi ya miguu, kama mtu muungwana anavyomsogezea mgeni kiti, na mkanda ukamkaza, nao ulipomaliza kumkaza ndipo honi ilipoanza kulia.

Honi ileile. Ndugu zangu, sauti ya honi huijui mpaka uisikie mara ya pili. Ililia bila kupumua, na kule kijijini wimbo ukapanda juu yake, wakaongeza sauti kama tulivyoongeza sisi, na Pesamino alikuwa anavuta kitasa, anapiga kioo kwa jiwe na jiwe linadunda, anawalilia wale vijana, "Njooni! Kwa Mungu njooni!" nao wamesimama na fimbo zao, vinywa wazi, wanatazama kijijini, wanatutazama sisi, wanatazama tena kijijini, kwa maana hawajawahi kuvunja sā tangu wazaliwe na mguu wa mtu haujifunzi jambo jipya kwa dakika moja, na mimi nilikuwa nimeukumbatia mkanda wa Matalena kwa nyuma nikiuvuta kwa meno, naam kwa meno, nikamsikia anazungumza, si na mimi, anazungumza kwa upole akitazama usukani ambao haukuwa na mtu, usukani uliokuwa umebonyea katikati kana kwamba kuna kifua kinauegemea, anasema, "Niko hapa, shemeji. Nimekaa. Niko hapa. Siendi."

Mlio wa tatu ukapigwa.

Injini ikafa. Milango ikafunguka. Matalena tulimtoa akiwa na alama nyeusi ya mkanda kutoka begani hadi nyongani, na mkono wake wa kulia, ule wa upande wa dereva, ulikuwa baridi kama samaki wa barafu.

"Ni Aleki?" Pesamino akamwuliza.

"Amenishika tu," akasema. "Hataki kuniumiza. Hataki kuwa peke yake."

Sefulu alitaka lichomwe usiku uleule. Alikuja na dumu la petroli. Pesamino akasimama mbele yake.

"Lichome. Halafu Jumatatu?"

"Tutaomba gari kwa mchungaji."

"Jumatatu tutaomba. Jumatano tutaomba. Mwaka mzima tutaomba? Weka dumu chini, Sefulu."

Sefulu akaliweka. Asubuhi yake tukamwita bibi Salafai, mganga wa kijiji cha pili. Yule anayefanya mambo kama yale ya garini, sisi humwita aitu. Ninyi mwiteni jini, hatachukia. Bibi Salafai ni mfupi, ana jino moja, na majini humsikiliza kwa sababu huzungumza nao kama shangazi.

Alilizunguka gari akiwa na majani ya mnonu, mti wetu wa dawa, yaliyotwangwa kwenye kifuu. Akaupaka usukani, akakipaka kiti. Akauliza, "Alikaliwa?" Mimi nikamwambia hakukaliwa. "Basi mkalieni leo," akasema. "Pale pale alipoachwa. Wote. Na wakati uleule."

Jumamosi jioni, jambo ambalo halijawahi kutokea Malaeola, kijiji kilitoka wakati wa sā. Mchungaji ndiye aliyetangulia. Tulitandika mikeka kuizunguka kona, gari likiwa katikati chini ya mshelisheli, tukakaa, tukaimba ule wimbo wa siku ile, safari hii kwa sauti ndogo, na wengi walilia, hata wale vijana wa fimbo. Pesamino alikaribia mlango akapiga magoti, akasema aliyopaswa kusema kabla ya kushika spana: "Kaka, nilichukua bila kukuambia. Tulikusikia, na hatukuja. Tusamehe." Honi ikalia mara moja, fupi, kama mtu anayeaga. Upepo ukapita. Harufu ikakatika.

Bibi Salafai akafumbua macho, akasema, "Ameondoka."

"Kweli, bibi?" Pesamino akauliza. "Niendelee nalo?"

"Gari ni gari. Ameondoka."

Pesamino akaamua hapo hapo. Jumatatu asubuhi Matalena akapanda, kiti cha mbele, akafunga mkanda mwenyewe, wakavuka mlima. Na Jumatano. Na leo asubuhi nimewaona wakipita. Sefulu kabadilisha mafuta na breki, anasema injini ile itatuzika sote.

Basi. Yote niliyoyasema ni kweli, na mchungaji ni shahidi wangu, isipokuwa neno moja, ambalo nimeliweka mwenyewe kwa sababu Pesamino huipenda hadithi hii ikiwa nalo, na mimi ni mtu mwema. Bibi Salafai hakusema, "Ameondoka." Hakusema lolote kati ya hayo. Pesamino alimwuliza mara tatu, naye akawa anafunga majani yake kwenye kitambaa. Kisha Pesamino akamfungulia mlango wa mbele ampeleke kwao, maana giza lilikuwa linaingia na mvua imeanza. Bibi akakitazama kile kiti. Akaenda zake kwa miguu. Na ili aifikie barabara ilibidi akatize mbele ya gari, gari tupu, taa zimezimwa, watu wote wako mikekani. Hapo akainama hadi mgongo ukalala, mkono mmoja karibu na ardhi, akapita taratibu akisema, "Tulou, tulou," kama tusemavyo sote tunapopita mbele ya watu walioketi.