Jiwe Lililosaga Meno

Fundi alizima mashine, lakini sauti ya kusaga haikuzimika. Akachomoa waya ukutani. Ikaendelea, krr, krr, taratibu, wala haikutoka pale mezani. Ilitoka chumba cha pili, alikolala binti yake mchana ule kwa homa kidogo. Alimkuta amefumba macho, taya linakwenda huku na huku, anasaga meno.

Riziki ya fundi huyu ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Kukata vito ilikuwa starehe tu, ila starehe gani hiyo inayomfanya mtu asahau kula? Akitoka kazini, hata viatu hajavua, keshajifungia stoo na mawe yake. Mkewe aliwaambia majirani kwamba ana mke mwenza, tena mwenzake huyo hapiki wala hafui. Wao walicheka. Yeye hakucheka sana.

Jiwe alilokuwa akilikata mchana ule lilikuwa la kijani kilichokolea, alilinunua kwa mchuuzi wa njiani. Wakata vito wana tabia yao moja: jiwe ghafi halionyeshi yaliyo ndani mpaka lilowe, basi wao hulilamba. Naye akalilamba. Ndani akaona kivuli chembamba kama moshi, na kile kivuli kikageuka kumtazama. Mwenye akili zake angelitupa chooni. Huyu bwana akajiambia ni doa tu, akaligandisha kwa nta kwenye kijiti, akaanza kulikata upande mmoja baada ya mwingine.

Nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mkewe alisugua sakafu hadi mikono ikambabuka, harufu iko palepale. Kisha binti, ambaye kicheko chake kilikuwa kikisikika mpaka barabarani, akaanza kucheka kwa kuziba mdomo. Baba yake akamwambia afungue aone. Loo! Meno ya mbele yalikuwa yamesagwa bapa na kung'arishwa, na jicho la fundi halikuhitaji kipimo: mwinamo wa kila jino ulikuwa uleule alioukata kwenye jiwe.

Akaitwa mganga, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Alinusa hewa ya stoo, akakataa kiti. Akaeleza kwamba ndani ya jiwe mlifungiwa jini, kwamba mate ya fundi yalimwonjesha damu ya nyumba hii, na kila upande unaokatwa ni mlango anaofunguliwa. Umebaki mmoja, ule mpana wa juu. Usikatwe. Yeye angerudi kesho yake na dawa zake kulichukua jiwe. Meno yaliyokwisha ndiyo basi, lakini mtoto angebaki.

"Atakuja kukuomba umalizie," alimnong'oneza fundi mlangoni. "Atakayeomba si mwanao. Umenielewa?"

Fundi akaapa kwa Mungu.

Kesho yake asubuhi mama mtu alitoka kwenda sokoni. Binti akaingia stoo peku, kidevu kimelowa damu, akakaa chini karibu na miguu ya baba yake.

"Baba, inauma. Malizia tu, iishe."

Alijua. Alijua kabisa kwamba si yeye, maana sauti ilitoka na midomo haikutikisika, na ile harufu ya nywele ilikuwa inampanda puani, na chini ya meza kitu kilikuwa kikimpapasa vifundo vya miguu kwa vidole vilivyozidi urefu wa vidole vya mtoto, lakini mkono wake ulikuwa umekwishafika kwenye swichi, na tuseme ukweli, huruma ilikuwa kisingizio, kwa sababu jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kuyashika lilikuwa limebakiza upande mmoja tu, na roho yake ilikuwa ikiutamani huo upande kuliko alivyotamani mtoto apone.

Akaukata. Akaung'arisha.

Harufu ikakatika. Binti akasimama, akafuta kidevu. Meno yalikuwa mazima, meupe pee. "Asante, baba," akasema, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa.

Fundi akaliinua jiwe dirishani. Ule moshi haukuwamo tena. Alikuwamo mwanawe, mdogo kama mbegu, amebandika viganja kwa ndani, mdomo wazi, meno bapa. Akaliweka sikioni.

"Baba, nitoe."

Mkewe aliporudi akaona yale meno, alimkumbatia binti akalia kwa furaha. Hapo ndipo mwanamume alipopaswa kusema. Aibu ikamzidi. Akasema jini katoka mwenyewe, akalificha jiwe mfukoni amsubiri mganga, kisha akaenda kuoga, suruali akaiacha kitandani.

Pigo la kwanza la nyundo lilimkuta na povu machoni. Alitoka mbio na taulo. Mkewe alikuwa amechutama kwenye kizingiti cha jikoni, amezungukwa na unga wa kijani, jasho linamtoka, uso umejaa shukrani. Binti alikuwa kando yake. Alikuwa ameshika kipande kimoja kilichosalia, na kutoka ndani yake fundi alisikia mtu akimwita baba.

"Na hiki, mama," binti alisema kwa upole, akakiweka sakafuni.

Mama akakiponda.