Pumzi ya Samaki wa Babu

Atupele alikuwa na miaka sita. Aliishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na ukungu wa asubuhi, yeye na Mama na Babu.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na bwawa dogo. Babu alilichimba mwenyewe, akalizungushia mawe meusi.

Ndani ya bwawa waliishi samaki watano. Walikuwa samaki wa mapambo, wanaoitwa koi. Hawaliwi hao. Hutazamwa tu, na kupendwa.

Karoti alikuwa na rangi ya karoti. Kaniki alikuwa mweusi tii. Madoa alikuwa na madoa. Jivu alikuwa na rangi ya jivu.

Na Unga alikuwa mweupe pepepe. Unga ndiye aliyekuja kula mkononi mwa Atupele.

Kando ya bwawa lilisimama pipa la bluu. Pampu ilivuta maji ya bwawa, ikayapandisha mpaka kwenye pipa. Humo maji yalipita kwenye sponji nene, yakaacha uchafu wake, kisha yakarudi bwawani.

Churururu! Churururu!

Babu aliyasikiliza, halafu akaimba kwa sauti yake nzito:

"Pita maji, chujika maji,
samaki wapate pumzi."

Siku moja mguu wa Babu ukavimba. Ikabidi aende kulazwa hospitali, mjini Mbeya.

Kabla ya kuondoka, Babu alimpa Atupele kopo la chakula cha samaki.

"Mjukuu wangu, samaki nakuachia wewe," alisema. "Kila asubuhi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole vitatu. Basi. Usizidishe."

"Sawa, Babu."

Gari likaondoka. Nyumba ikawa kimya.

Siku ya kwanza Atupele aliwapa samaki chembe chache, kama alivyoambiwa. Siku ya pili, hivyo hivyo.

Siku ya tatu alimkumbuka Babu sana. Akaenda bwawani. Samaki wakaja juu, wakafumbua midomo.

Pwa! Pwa! Pwa!

"Maskini, mna njaa," alisema Atupele. Akawapa konzi nzima.

Mchana akamkumbuka Babu tena. Akawapa konzi nyingine. Jioni akamkumbuka zaidi. Akawapa konzi ya tatu.

Ikawa hivyo kila siku.

Mama alikuwa fundi wa mabomba. Aliondoka mapema na mfuko wake wa spana, akarudi jua limeshatua.

"Samaki wamekula?" aliuliza.

"Wamekula, Mama. Wameshiba."

"Vizuri, mwanangu."

Lakini kule bwawani, chakula kilichobaki kilizama chini. Kikaoza. Maji yakageuka kijani, yakaanza kunuka.

Sponji ndani ya pipa ikajaa tope. Maji yakashindwa kupita. Hapakuwa na churururu tena. Kulikuwa na tone moja, halafu tone jingine.

To... to... to...

Asubuhi moja samaki wote walikuwa juu. Walifumbua midomo, wakafumba, wakafumbua. Polepole.

Pwa... pwa... pwa...

"Bado mna njaa?" aliuliza Atupele. Akawapa konzi mbili.

Hawakula. Chembe zikaelea tu.

Kesho yake, Unga alikuwa amelala ubavu juu ya maji.

"Unga?" aliita Atupele. "Unga, njoo."

Akaingiza mkono majini. Akangoja. Unga hakuja.

Atupele alikimbia ndani. Mama alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Mama, Unga hapumui."

Mama akaviacha viatu pale pale. Akaenda bwawani peku. Akayanusa maji. Akafunua pipa, akaitazama sponji. Kisha akalifungua kopo la chakula. Lilikuwa karibu tupu.

"Atupele, ulikuwa ukiwapa kiasi gani?"

Atupele alitazama chini.

"Konzi," alisema. "Asubuhi, mchana na jioni. Walifumbua midomo, Mama. Nikadhani ni njaa."

Mama akapiga magoti mbele yake.

"Haikuwa njaa, mwanangu. Siku hizi za mwisho walikuwa wakitafuta hewa."

Hapo Atupele akalia. Mama hakumwambia anyamaze. Alimkumbatia tu, mpaka kilio kikaisha chenyewe.

Walimzika Unga kwenye migomba. Atupele alimfunika kwa kipande cha jani, kisha kwa udongo.

Kisha Mama akanawa mikono. "Wamebaki wanne," alisema. "Leo siendi kazini. Twende tukawapatie pumzi."

Kwanza walichukua wavu mdogo, wakatoa chakula kilichooza. Chota, mwaga. Chota, mwaga. Kilinuka vibaya, lakini Atupele hakuziba pua.

Halafu wakachota maji machafu, ndoo kumi, wakayamwagia migomba. Wakaongeza maji ya mvua kutoka kwenye tangi. Walitia ndoo moja, wakapumzika, wakatia nyingine, samaki wasishtuke.

Mama akazima pampu, akaichomoa sponji. Ilikuwa nyeusi, nzito, inadondosha tope. Atupele akaichukua, akakimbia nayo bombani.

"Ngoja!" Mama alisema. "Usiioshe kwa maji ya bomba."

"Lakini ni chafu, Mama."

"Ni chafu, ndiyo. Lakini ndani yake wanaishi viumbe wadogo sana. Hao ndio wanaokula sumu iliyo majini. Maji ya bomba yana dawa. Dawa hiyo itawaua."

Atupele aliitazama sponji kwa makini. Hakuona kitu.

"Ni wadogo kuliko sisimizi?"

"Ni wadogo kuliko jicho la sisimizi."

Basi wakaiosha sponji kwenye ndoo ya maji ya bwawani. Atupele aliikamua polepole, kwa mikono miwili. Kamua... kamua... Tope likatoka. Viumbe wadogo wakabaki nyumbani kwao.

Mama akaleta pipa la pili. Akalijaza kokoto, akaliunganisha na lile la bluu. Sasa maji yangepita kwenye sponji, kisha kwenye kokoto.

Akalipandisha bomba la kurudishia maji. "Yakianguka kutoka juu," alisema, "yatachukua hewa na kuingia nayo."

Mwisho akapanda matete pembeni mwa bwawa, mizizi ikaning'inia majini. "Mizizi nayo itatusaidia kuyasafisha," alisema.

Mama akawasha pampu. Vuuu... Ikanguruma. Ikakohoa. Ikatulia.

Churururu! Churururu!

Atupele alisimama karibu, akaimba kwa sauti ndogo:

"Pita maji, chujika maji,
samaki wapate pumzi."

Asubuhi aliamka mapema, akakimbia bwawani. Maji bado yalikuwa ya kijani.

Siku ya pili, kijani. Siku ya tatu, kijani.

"Mama, mbona hayatakati?"

"Wale viumbe wadogo wanaongezeka taratibu. Hatuwezi kuwaharakisha."

"Na samaki tuwape chakula?"

"Bado. Hawatakufa kwa njaa ya siku chache."

Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Atupele alikaa juu ya mikono yake, ili asilifungue kopo.

Karoti, Kaniki na Madoa waliacha kuja juu kutafuta hewa. Lakini Jivu alikuwa bado dhaifu. Aliogelea kidogo, akainama upande.

"Jivu naye atakufa?"

"Sijui, mwanangu," alisema Mama. "Tumefanya tunaloweza. Sasa tunangoja naye."

Wakangoja naye. Mvua ilinyesha, wakangoja chini ya mwavuli mmoja.

"Pita maji, chujika maji,
samaki wapate pumzi."

Siku ya tano, Atupele aliona jiwe moja chini ya maji. Siku ya sita, aliona mawe matatu. Siku ya saba, Jivu alitikisa mkia, akapita katikati ya bwawa, wima kabisa!

"Mama! Jivu anaogelea!"

Mama akaja mbio, bado ameshika spana. Akatazama, akafuta macho kwa kiwiko.

Siku ya kumi, Babu alirudi. Aliingia mlangoni taratibu, na mkongojo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Samaki hawajambo?"

Mama alimwachia Atupele ajibu. Atupele alikuwa amemwomba hivyo kabla Babu hajafika. "Nitamwambia mwenyewe," alikuwa amesema.

Sasa akamsogelea Babu.

"Babu, Unga amekufa. Niliwapa chakula kingi. Kila nikikukumbuka, nawapa. Maji yakaharibika, akakosa hewa. Nisamehe, Babu."

Babu alitembea mpaka bwawani, polepole. Akasimama, akatazama maji kwa muda mrefu.

"Unga nilimpenda," alisema.

"Na mimi nilimpenda."

"Najua."

Babu akaketi juu ya jiwe. Akanyoosha mguu wake unaouma.

"Mwaka wa kwanza wa bwawa hili," alisema, "niliua samaki wanne."

"Wewe, Babu?"

"Mimi. Niliiosha sponji kwa maji ya bomba. Nilitaka iwe safi kabisa. Nililia sana."

Babu akasogea, akampisha Atupele kwenye jiwe.

"Nimekusamehe. Njoo ukae. Nieleze mlivyolitengeneza bwawa langu."

Atupele akakaa. Akamweleza yote. Alimweleza kuhusu ndoo za mvua, na kokoto, na matete, na kukaa juu ya mikono yake. Babu alisikiliza mpaka mwisho, na kila mara aliitikia kwa kichwa.

Miezi ikapita. Baridi ikaondoka Tukuyu, jua likaanza kupasha mawe.

Jioni moja Atupele alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa bwawa. Katikati ya mizizi ya matete, kitu kikacheza. Kilikuwa chembamba kama unywele wa kope. Kikacheza kingine. Na kingine.

"Babu! Mama! Njooni! Njooni taratibu!"

Babu akavaa miwani. Mama akainama.

"Ni watoto," alinong'ona Mama. "Watoto wa samaki."

Walikuwa wengi, hawahesabiki. Hawakuwa na rangi bado. Walikuwa kama vipande vya maji vyenye macho.

"Watakuwa wa rangi gani?" aliuliza Atupele.

"Tutawaona wakikua," alisema Babu.

Walikaa pale, wote watatu, mpaka kiza kikaanza kuingia. Kisha Mama akambeba Atupele mpaka kitandani, akamfunika blanketi.

"Mama, na wale wadogo wanalala?"

"Wanalala."

"Wanafumba macho?"

"Samaki hawana kope. Hulala macho wazi."

Atupele akataka kulala kama wao. Akafumbua macho yake. Akayafumbua sana, sana, sana.

Kisha yakajifumba.